Kifaru cha Kopo: Sayansi ya Kujenga na Kupaka Rangi Magari Madogo ya Kubuni

Katika vijiji vingi vya Tanzania watoto hujitengenezea magari ya kuchezea kwa waya, makopo, vizibo vya chupa na malapa yaliyochakaa. Kijiji kama Kintinku, kilichopo kando ya reli ya kati katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, kina kila kitu kinachohitajika kwa kazi hiyo, na tena kina jambo moja ambalo mabwawa ya mchanga ya maabara za ng'ambo huiga kwa gharama kubwa: udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Bahi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa masika.

Katika nchi za Ulaya na Amerika kazi hiyo imekuwa burudani ya watu wazima. Hujenga magari madogo ya vita ambavyo havijapata kupiganwa, katika sayari ambazo hazijafikiwa na mtu, wakayapaka rangi kwa uangalifu mkubwa na kuyachezesha mezani kwa kanuni, rula na dadu. Mchezo ulio maarufu kupita yote, Warhammer 40,000, ulitolewa nchini Uingereza mwaka 1987. Lakini asili ya burudani hii ni ya zamani zaidi. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za vita vya mezani, *Little Wars*, mwaka 1913. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1903, alikuwa amekwisha kuandika hadithi ya kubuni juu ya magari makubwa ya chuma yanayovuka mahandaki ya adui. Tarehe 15 Septemba 1916 magari ya namna hiyo yaliingia vitani kwa mara ya kwanza huko Flers, Ufaransa, majuma machache tu baada ya majeshi ya upande wa Uingereza kuifikia reli yetu ya kati pale Dodoma. Waswahili waliliita gari hilo kifaru, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Mawazo ya mtu, basi, yaweza kutangulia chuma. Lakini si kila kinachosimama mezani kitasimama shambani. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi ni wapi kigari kidogo kinasema kweli kuhusu gari kubwa, na ni wapi kinadanganya.

Skeli na maana yake

Sanamu za askari zinazotumiwa katika michezo hii huwa na kimo cha milimita 28 hivi. Tukichukua mtu wa sentimita 168, yaani milimita 1,680, na kugawanya kwa 28, tunapata 60. Kwa hiyo kigari kinachomfaa askari huyo hujengwa kwa skeli ya 1:60. Reli ya zamani ya kati, ambayo upana baina ya pau zake ni mita 1, kwa skeli hiyo itakuwa na upana wa milimita 16.7.

Sasa tubuni kifaru chetu wenyewe. Hakuna haja ya kuazima nchi ya kigeni. Shaaban Robert alikwisha kutupa nchi iliyo hewani katika *Kusadikika*, na mwanafunzi aweza kubuni nyingine. Tuseme kifaru hicho kina urefu wa mita 6 na uzito wa tani 54. Kinatembea juu ya minyororo miwili, na kila mnyororo unagusa ardhi kwa urefu wa mita 4.5 na upana wa sentimita 60. Kwa skeli ya 1:60 kigari chetu kitakuwa na urefu wa sentimita 10, na kila mnyororo utagusa meza kwa urefu wa sentimita 7.5 na upana wa sentimita 1.

Mpaka hapa kigari kinasema kweli tupu. Umbo lake ni umbo la gari kubwa, na pembe zake ni zile zile.

Mahali kigari kinapodanganya

Urefu ukipunguzwa mara 60, eneo hupungua mara 60 x 60, yaani mara 3,600. Ujazo nao hupungua mara 60 x 60 x 60, yaani mara 216,000. Uzito hufuata ujazo. Kwa hiyo kifaru cha tani 54, kikijengwa kwa skeli yetu kwa vifaa vile vile na bila kupunguza chochote, kitakuwa na uzito wa gramu 250 tu.

Hebu tuangalie kinachotokea ardhini. Minyororo miwili ya gari kubwa inagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 54,000. Uzito ni kilo 54,000. Basi kila sentimita ya mraba inabeba kilo 1. Minyororo ya kigari inagusa eneo la sentimita za mraba 15, na uzito ni gramu 250. Kila sentimita ya mraba inabeba gramu 16.7 tu, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya mzigo wa gari kubwa.

Hii ndiyo sababu kigari cha kopo kikisukumwa juu ya tope laini la mbuga hupita bila shida. Mtoto akiona hivyo aweza kudhani kwamba gari lake la kubuni lingevuka bonde lote wakati wa masika. La hasha. Ili kigari kiseme kweli kuhusu tope, ingebidi kibebeshwe mzigo wa kilo 15, ambao ungelivunjavunja kopo pale pale.

Kanuni hii ilielezwa na Galileo katika kitabu chake cha mwaka 1638, na wanyama wa nchi yetu wanaithibitisha. Digidigi ana uzito wa kilo 5 hivi, na tembo aweza kufikia kilo 5,000, yaani mara 1,000. Kama tembo angekuwa digidigi aliyekuzwa tu, urefu wake ungekuwa mara 10 na eneo la mkato wa miguu yake mara 100. Kila sentimita ya mraba ya mguu ingelazimika kubeba mzigo mara 10 zaidi. Ndiyo maana tembo hana miguu ya digidigi, bali nguzo zenye nyayo pana. Wabunifu wa magari ya kubuni hupenda sana mashine zinazotembea kwa miguu myembamba. Kifaru chetu kikisimama juu ya miguu minne ya waya wa milimita 3, kila mguu utakandamiza meza kwa kilo 0.9 hivi kwa sentimita ya mraba, na meza itastahimili. Kikikuzwa mara 60, kila mguu utakuwa na unene wa sentimita 18, na utakandamiza ardhi kwa kilo 53 kwa sentimita ya mraba. Chuma chaweza kustahimili, lakini ardhi ya mbuga haitastahimili. Gari litazama kama mchi katika unga.

Tope la sayari nyingine

Jambo hili si la mchezo tu. Mwaka 2009 gari la Marekani liitwalo Spirit, lililokuwa likichunguza sayari ya Mars tangu Januari 2004, lilinasa katika udongo laini. Wahandisi walijenga bwawa la udongo hapa duniani na kujaribu ndani yake kila njia ya kulinasua, lakini gari halikutoka tena.

Kwa ajili ya gari lililofuata, Curiosity, lililotua Mars mwezi Agosti 2012, walijenga pia gari la majaribio lenye magurudumu ya ukubwa ule ule. Hata hivyo, hawakulipa uzito ule ule. Mvutano wa Mars ni kama asilimia 38 ya mvutano wa dunia. Kwa hiyo gari la takriban kilo 900 hukandamiza udongo wa huko kama gari la kilo 340 linavyokandamiza udongo wa hapa. Basi wahandisi waliondoa kompyuta na mizigo mingi, hata gari la majaribio likabaki na takriban theluthi moja na kidogo ya uzito wa lile halisi. Kwa kuwa lilikosa ubongo, waliliita Scarecrow, jina lenye maana ya sanamu ya kufukuzia ndege shambani.

Msomaji ataona fundisho lililopo. Ili mfano useme kweli katika jambo moja, mara nyingi hulazimika kuacha ukweli katika jambo jingine. Fundi mzuri ni yule anayejua ni ukweli upi anaoutaka.

Kujenga kiunzi

Kata kopo kwa mkasi wa bati, sugua ncha zake kwa msasa ili zisikate vidole, kisha likunje juu ya kibao. Waya utakuwa ekseli, vizibo vitakuwa magurudumu, na ukanda uliokatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli utakuwa mnyororo. Kalamu iliyokwisha wino inafaa kuwa mzinga.

Hapa kemia inaingia. Kopo la chakula mara nyingi ni chuma kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la bati halisi. Tabaka hilo likikwaruzwa au kukatwa, chuma kilichofichuliwa hupata kutu upesi, kwa sababu chuma ni chepesi kuliwa na kemikali kuliko bati, hivyo ndicho kinachotangulia. Mabati ya kuezekea nyumba, licha ya jina lake, kwa kawaida yamefunikwa kwa zinki. Zinki ni nyepesi kuliwa kuliko chuma, kwa hiyo hata ikikwaruzwa hutangulia kuliwa yenyewe na kukilinda chuma. Kata vipande viwili, kimoja cha kopo na kimoja cha bati la nyumba, vikwaruze sawasawa, viweke katika maji ya chumvi kwa juma moja, kisha vilinganishe. Kutokana na jaribio hilo utaelewa kwa nini kigari cha kopo lazima kipakwe rangi, hasa katika ncha zilizokatwa.

Kupaka rangi

Kabla ya kupaka, osha kopo kwa sabuni. Mafuta ya vidole huzuia rangi kushika. Kisha paka rangi ya kwanza ya kutangulizia, iache ikauke kabisa, ndipo uweke rangi unayoitaka.

Skeli inatawala hapa pia. Rangi yenye unene wa milimita 0.1 juu ya kigari ni sawa na plasta ya milimita 6 juu ya gari kubwa. Rangi nzito hufukia mistari na misumari yote. Heri tabaka mbili nyepesi kuliko moja nzito.

Jicho nalo lina mpaka wake. Kwa umbali wa nusu mita, jicho zima haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya milimita 0.15 hivi. Kutazama kigari kutoka nusu mita ni sawa na kutazama gari kubwa kutoka mita 30, na milimita 0.15 ni sawa na milimita 9. Basi usijitaabishe kuchora kitu ambacho kwenye gari kubwa ni kidogo kuliko hapo.

Lakini vivuli ni tatizo. Mfereji wenye upana na kina cha sentimita 1 katika gari kubwa huonekana mweusi. Katika kigari mfereji huo una milimita 0.17 tu, na kivuli chake hakionekani vema. Kwa hiyo mchoraji huchukua rangi nyeusi au ya kahawia, akaizimua sana, na kuipitisha juu ya kigari. Mvutano wa uso wa kimiminika huivuta rangi kuingia katika kila ufa, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Ikikauka, huchukua brashi iliyokaushwa kwa kitambaa, yenye rangi hafifu tu, na kuipitisha juu ya kingo zilizoinuka ili zing'ae. Vivuli hivyo si vya jua. Ni vya uongo, lakini bila uongo huo kigari hakionekani cha kweli.

Vumbi la Kintinku laweza kutumiwa kuonyesha tope, ila lichungwe kwa kitambaa laini. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, kwa skeli yetu, ni kokoto ya sentimita 3.

Tahadhari ni hizi. Usiyeyushe risasi ya betri za magari kutengenezea magurudumu, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Chagua rangi isiyo na risasi. Thina na petroli zikae mbali na moto, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.

Jaribio kwa darasa

Chukua vipande viwili vya mbao ngumu, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 7.5 na upana wa sentimita 1. Vigongomelee chini ya kibao kama minyororo miwili ya kifaru. Viweke juu ya udongo wa mbuga uliolowa, kwanza ukiongeza mzigo mpaka vyote kwa pamoja vifikie gramu 250. Pima kina cha alama zilizobaki. Kisha sogeza kibao mahali papya, uweke juu yake ndoo yenye maji ya lita 15 ukiishika isipinduke, na upime tena. Wanafunzi wajibu maswali haya:

1. Ni jaribio lipi kati ya mawili linalosema kweli kuhusu kifaru cha tani 54?
2. Minyororo ingepaswa kuwa na upana gani ili kila sentimita ya mraba ibebe nusu kilo tu?
3. Kifaru hicho hicho kikipelekwa Mars, ndoo ingehitaji maji kiasi gani?

Darasa likikosa mizani za maabara, ndoo na rula vitatosha. Mwanafunzi aliyepima mwenyewe kuzama kwa vipande hivyo hatamwamini tena kwa urahisi mtu anayemwonyesha mfano mdogo wa daraja, bwawa au gari na kumwambia kwamba, kwa kuwa mdogo umesimama, mkubwa nao utasimama. Atauliza kwanza skeli yake.