Gari la haibridi likinuka mlimani, usipuuze
Wafanyabiashara wengi wa mazao wamevutiwa na magari ya haibridi yaliyotumika Japani, kama Toyota Prius na Aqua, kwa kuwa hula petroli kidogo. Faida hiyo inaweza kuyeyuka kwa harufu moja iliyopuuzwa.

Dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, injini na mota ya umeme husaidiana, na joto hupanda. Harufu ya mayai viza mara nyingi hutoka kwenye kisafisha moshi cha ekzosi. Harufu tamu huashiria kulanti inayovuja. Ikinuka plastiki inayoungua, simama, zima gari, shuka. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkali; usiziguse, mwachie fundi wa haibridi.

Lipo jambo unaloliweza mwenyewe. Betri kubwa ya magari haya hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Gunia la viazi likiliziba, au vumbi la pumba likijaa, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Kusafisha feni ni gharama ndogo. Kununua betri kunaweza kumeza mtaji wa msimu. Unapopakia mzigo, acha tundu hilo wazi.