Je, Wajua? Kebo ya Antena Ina Nyaya Tatu, Si Mbili

Kile kinundu kigumu kilicho kwenye waya wa chaja ya kompyuta, karibu na kichwa chake, si pambo wala si fyuzi. Ndani yake mna bomba dogo la feraiti, yaani kauri nyeusi iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma na madini mengine. Bomba hilo huzuia umeme wa masafa ya juu usisafiri juu ya waya, bila kuugusa umeme wa kawaida unaoichaji kompyuta. Ndugu yake mkubwa hufungwa kwenye antena za redio ya ridhaa, na huitwa choki ya mkondo wa pamoja. Wengine humwita baluni. Jina la choki si geni kwa mafundi wa umeme, kwani hata kile kipande kizito cha koili ndani ya taa za zamani za tyubu huitwa hivyo hivyo, na kazi zao zinafanana: kuukaba mkondo.

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi wanaojenga vituo vyao, si kwa biashara, bali kwa kujifunza na kupashana habari. Nchini Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za utambulisho wa vituo huanza na 5Z, mara nyingi 5Z4. Kituo kilichoko Eldoret, kwenye nyanda za Uasin Gishu zilizo mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, hupata faida kubwa mchana katika masafa ya 7 MHz. Mawimbi hurushwa juu, hugonga tabaka la ionosfera, kisha hushuka Nairobi, umbali wa kilomita 265 hivi kwa mstari ulionyooka, au Kampala, kilomita 300 hivi.

Antena rahisi ya kazi hiyo ni dipoli: waya wenye mikono miwili, kila mmoja mita 10 hivi, uliotundikwa baina ya mikaratusi miwili. Katikati, mikono inapokutana, huunganishwa kebo ya koaksia inayoteremka hadi chumba cha redio. Tatizo huanzia kwenye kiungo hicho.

Kebo ya koaksia inafahamika katika kila nyumba yenye dishi la televisheni, maana ndiyo inayoshuka kutoka kwenye dishi hadi kwenye king'amuzi. Katikati mna uzi wa shaba, unafuata utando mnene wa plastiki, kisha wavu wa nyuzi za shaba uliosukwa, na mwisho gamba la nje. Mtu akiikata kwa kisu huona nyaya mbili tu, uzi na wavu. Umeme wa redio huziona tatu.

Sababu ni tabia ya umeme wa masafa ya juu. Mkondo wa stima, unaogeuka mara 50 kwa sekunde, hupita katika unene wote wa waya wa nyumbani. Mkondo wa 7 MHz hugeuka mara milioni saba kwa sekunde, nao hukimbilia juu juu. Katika shaba, sehemu yake kubwa hukaa ndani ya takriban milimita 0.025 kutoka usoni, tabaka jembamba kuliko karatasi ya daftari. Kwa hiyo mkondo ulio kwenye uso wa ndani wa wavu haukutani na ule ulio kwenye uso wa nje. Wavu mmoja huwa njia mbili zilizotenganishwa na shaba yenyewe.

Ndani ya kebo, mkondo unaopanda kwenye uzi wa katikati na ule unaoshuka kwenye uso wa ndani wa wavu huwa sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Kila mmoja hufuta nguvu ya sumaku ya mwenziwe, na kwa nje kebo hukaa kimya, haitoi wimbi lolote. Huo ndio mkondo wa kwenda na kurudi, ambao kebo iliundwa kwa ajili yake.

Kwenye kiungo cha juu mambo hubadilika. Mkono mmoja wa dipoli umefungwa kwenye uzi, na uzi hauna njia nyingine. Mkono wa pili umefungwa kwenye wavu, na hapo pana njia panda. Mkondo wa upande huo unaweza kuingia kwenye mkono wa antena, au ukazunguka ncha ya wavu na kufuata uso wa nje wa kebo hadi chumbani. Sehemu inayofuata njia hiyo haina mkondo wa kinyume wa kuifuta. Ndiyo mkondo wa pamoja, nao huigeuza kebo kuwa mkono wa tatu wa antena, mkono ambao hakuna aliyeukusudia.

Kiasi kinachopita njia hiyo ya tatu hutegemea sana urefu wa kebo. Wimbi la 7.1 MHz lina urefu wa mita 42 hivi. Kebo ya mita 21, yaani nusu ya wimbi, ambayo mwisho wake wa chini umeunganishwa na ardhi, huupa mkondo wa pamoja njia nyepesi kabisa. Kebo ya mita 10.5, robo ya wimbi, huwa ngumu kupitika. Hata hivyo kukata kebo kwa vipimo si dawa, kwa sababu mwendeshaji akihamia 14.2 MHz, mita zile zile 10.5 zinakuwa nusu ya wimbi, na mlango uliokuwa umefungwa unafunguka.

Dalili za mkondo huo zinafahamika. Mwendeshaji akirusha sauti, kipaza sauti humchoma midomoni kidogo kwa umeme. Kompyuta iliyo mezani hukwama. Spika za televisheni ya jirani hukoroma. Mita ya SWR, inayopima mawimbi yanayorudishwa na antena, hubadilisha usomaji kebo ikisogezwa au ikishikwa kwa mkono, jambo lisilopaswa kutokea. Mabati ya paa na nyaya za nyumba zilizo karibu na kebo nazo huingia katika mchezo huo.

Madhara kwenye upande wa kusikiliza yanaweza kuwa makubwa zaidi, kwa maana njia inayotoa mkondo nje huuleta ndani vilevile. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, inveta za umeme wa jua na vifaa vya seng'enge za umeme mashambani hutoa kelele za redio zinazotambaa juu ya nyaya. Kelele hizo huupanda uso wa nje wa kebo hadi kwenye kiungo cha dipoli, huzunguka ncha ya wavu, kisha huteremka ndani ya kebo pamoja na sauti halali kutoka Kampala. Antena inaweza kuwa juu ya miti, mbali na nyumba, na bado ikasikia kila chaja iliyo sebuleni.

Choki huziba njia ya tatu peke yake. Umbo linalotumika zaidi ni pete ya feraiti ambayo kebo yenyewe huzungushwa ndani yake mara kadhaa. Mkondo wa kwenda na kurudi ukipita humo, nguvu zake mbili za sumaku hufutana, kama mizani yenye mawe sawa pande zote mbili ambayo sindano yake haisogei. Pete haihisi kitu, na wati zote hupita zikielekea kwenye antena. Mkondo wa pamoja hauna wa kuufuta. Nguvu yake ya sumaku hujaa ndani ya feraiti, na feraiti huupinga.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa upinzani huo. Redio ya wati 100 kwenye antena ya omu 50 hutoa volti 71 hivi na mkondo wa ampea 1.4. Katika dipoli iliyosawazika, choki hubeba takriban nusu ya volti hizo, yaani 35. Choki ya omu 500 ikisimama peke yake itaruhusu ampea 0.07, ambayo ni sehemu moja kwa ishirini ya mkondo wa antena, na itapata joto la wati 2.5. Choki ya omu 5,000 itaruhusu ampea 0.007, sehemu moja kwa mia mbili, na joto lake halitafika hata theluthi ya wati. Kwa hiyo choki dhaifu ndiyo inayoungua, na ile kali hukaa baridi. Hilo lina maana kubwa kwenye vituo vya nguvu nyingi, kwa kuwa feraiti ikipashwa joto kupita kiwango chake, ambacho kwa aina nyingi za kazi hii ni kuanzia nyuzi 130 za Selsiasi, hupoteza usumaku wake hadi ipoe.

Ukinzani wenyewe ni wa aina mbili. Koili tupu ya kebo, iliyozungushwa kwenye bomba la plastiki bila feraiti, huhifadhi nishati na kuirudisha. Ukinzani wa namna hiyo unaweza kufutwa na uso wa nje wa kebo, ambao katika urefu fulani hufanya kazi kama kapasita. Vikikutana hivyo viwili, mkondo wa pamoja huweza hata kuongezeka. Feraiti iliyochaguliwa vyema hutoa aina ya pili, ile inayoila nishati na kuigeuza joto. Hiyo haifutwi na urefu wowote wa kebo. Ndiyo sababu koili tupu hufaa kwenye ukanda mwembamba wa masafa, wakati pete ya feraiti hufaa kwenye kanda kadhaa kwa pamoja.

Feraiti za viwandani zina asili ya Japani. Mwaka 1930, Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo waligundua sifa zake za sumaku, na kampuni ya TDK ikaanzishwa mwaka 1935 ili kuitengeneza kwa biashara. Mwaka 1944 mhandisi wa Uswisi, Gustav Guanella, alieleza namna ya kutumia nyaya mbili zilizozungushwa pamoja kuunganisha mitambo ya redio, na choki ya leo hufuata msingi huo. Mwaka 1983 Mmarekani Walter Maxwell, mwenye alama W2DU, aliandika juu ya njia nyingine: shanga 50 za feraiti zilizotungwa juu ya kebo iliyonyooka, bila kuizungusha hata mara moja.

Kwa kituo cha kawaida, pete inayopendwa ina kipenyo cha nje cha milimita 61 na tundu la milimita 35. Aina za feraiti hutajwa kwa namba. Ile ya 31 hufaa zaidi masafa ya chini, yakiwamo 3.5 na 7 MHz, nayo ya 43 hupendelea masafa ya kati na ya juu kidogo. Kebo nyembamba ya RG-58, yenye unene wa milimita 5, huzungushwa mara 10 hadi 14 kwenye pete ya aina ya 31, na hutoa maelfu ya omu. Kila mara kebo inapopita tunduni huhesabiwa kuwa mzunguko mmoja. Katika masafa ya chini, upinzani hukua kwa mraba wa hesabu hiyo, hivyo kutoka mizunguko 5 hadi 10 huuzidisha mara nne. Lakini mizunguko mingi kupita kiasi huleta hasara kwenye masafa ya juu, kwani mkondo huanza kuruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine.

Pete za kuokota zina mtego. Zile za rangi ya njano na nyeupe zinazopatikana ndani ya pawa saplai za kompyuta kuukuu si feraiti, ni unga wa chuma uliogandishwa, na hazifai kazi hii. Kebo yenye plastiki ya povu nayo haifai kukunjwa kwa nguvu, kwa kuwa uzi wa katikati husogea polepole hadi ukagusa wavu.

Mahali pa kwanza pa choki ni kwenye kiungo cha dipoli, ndani ya kisanduku kisichoingiza mvua, chenye kitundu kidogo chini cha kutolea unyevu. Choki ya pili, mahali kebo inapoingia nyumbani, huzuia kelele za ndani zisipande. Kipimo cha kwanza ni kushika kebo huku redio ikirusha kwa nguvu ndogo: sindano ya mita isipotikisika, njia ya tatu imezibwa. Kipimo cha pili ni kuwasha redio kwa betri, kuzima swichi kuu ya stima pamoja na inveta, na kusikiliza. Kelele ikishuka ghafla, chanzo kimo nyumbani, na kila kifaa hurudishwa kimoja kimoja hadi mkosaji apatikane.

Choki haiongezi nguvu ya redio hata wati moja, haifuti kelele ambazo antena yenyewe inazinasa hewani, wala hairekebishi dipoli iliyokatwa vibaya. Wala si kinga ya radi. Alasiri za mvua mawingu yanapotanda juu ya Eldoret, kebo ya antena ichomolewe kwenye redio na iwekwe nje ya nyumba, hata kama juu yake kuna choki bora kuliko zote.