"Kitupu" na "Kisichotayarishwa"

Kiendeshi ni programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, kama vile printa. Kiendeshi kikikwama wakati wa kuanza, hakina budi kuachilia sehemu za kumbukumbu kilizokwisha kuzichukua. Sehemu hizo hutambuliwa kwa vielekezi, yaani namba za mahali zilipo. Hapa yafaa mfasiri atofautishe istilahi mbili. "Kielekezi kitupu" kimewekwa sifuri kwa makusudi. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kukiachilia hakudhuru. "Kielekezi kisichotayarishwa" huweza kuwa na masalio ya kazi iliyopita. Kukiachilia kwaweza kuisimamisha mashine nzima. Mtungi wenye mashapo hauitwi mtupu. Mwenye kuviita vyote viwili "vitupu" humficha fundi hatari yenyewe.