Uvira: Mtunza maktaba naye aanze kucheza

UVIRA – Mwanzoni mwa mwaka 2014, masanduku makubwa ya rangi kali yalifunguliwa katika kambi za Kavumu na Bwagiriza, mashariki mwa Burundi. Waliokuwa wakiishi humo ni wakimbizi wa Kikongo, wengi wao wenyeji wa huku kwetu Kivu ya Kusini. Masanduku hayo yametengenezwa ili, katika muda usiozidi dakika 20, yageuke kuwa meza, viti na rafu: maktaba nzima yenye vitabu vya karatasi, kompyuta, tabuleti, skrini ya sinema, kamera na michezo.

Maktaba hiyo inaitwa Ideas Box. Ni kazi ya shirika la Ufaransa Bibliothèques Sans Frontières pamoja na HCR, na umbo lake lilichorwa na Philippe Starck. Ikifunguliwa inachukua eneo la mita za mraba 100. Burundi ilikuwa kati ya mahali pa kwanza duniani kuipokea. Maana yake ni kwamba familia zilizokimbia vita vyetu zilikuwa kati ya za kwanza kukaa mbele yake.

Lakini sanduku halijifungui lenyewe. Lazima awepo mtu wa kuwasha mashini, kumwonyesha mtoto namna ya kutafuta habari, na kuona kama alichokipata ni cha kweli. Mtu huyo ndiye anayekosekana mara nyingi tunapozungumzia maktaba, ambayo wengi wetu hapa Uvira tunaita biblioteke.

Hofu ya mtu mzima

Nilipokuwa mwanafunzi, maktaba tuliyokuwa tukisomea ilikuwa na kompyuta moja. Ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mtunza maktaba, mzee mwenye heshima zake, alikuwa akituambia: "Musiiguse, itaharibika." Tulimwona mkali. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha namna ya kuitumia. Alijua fishi, rejista na funguo za kabati, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Kompyuta ililetwa, mafunzo hayakuletwa.

Hofu ya namna hiyo haiko Kongo peke yake. Mwaka 2006, maktaba ya umma ya mji wa Charlotte, Marekani, iliona kwamba wafanyakazi wake wengi hawakujua mambo mapya ya intaneti, wakati wasomaji wao vijana waliyajua tayari. Bibi Helene Blowers, aliyekuwa kiongozi huko, hakuwaita kwenye semina ya siku tatu. Aliwapa orodha ya mambo madogo 23 ya kujaribu wenyewe, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa: kuweka picha kwenye intaneti, kutafuta video, kusikiliza sauti zilizorekodiwa, kuandika ukurasa wao wenyewe. Aliyemaliza yote alipata kifaa kidogo cha kusikilizia muziki.

Mpango huo ulienea katika maktaba za nchi nyingi. Siri yake ni nyepesi: mtu mzima alipewa ruhusa ya kukosea bila mtoto wala mkubwa wa kazi kumcheka. Aliyebonyeza vibaya alirudi nyuma, akabonyeza tena.

Mchezo ni mlango

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa wazazi wetu. Uvira, ukisema "mchezo" ndani ya biblioteke, watu wanafikiria vile vyumba vya Play Station ambamo vijana wanalipa feza kwa kila mechi na kusahau masomo.

Huko Marekani, Shirika la Maktaba (ALA) liliweka tangu mwaka 2008 siku ya kitaifa ya michezo katika maktaba. Ilianza na michezo ya mezani na ya kompyuta, na baadaye ikawa ya kimataifa. Mtoto anayekuja kucheza anasoma maelekezo, anahesabu alama, anangoja zamu yake. Na mara nyingi, mchezo ukiisha, anabaki. Ndani ya Ideas Box pia michezo iko pamoja na vitabu, haikutengwa.

Sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Angalia wazee wanavyocheza dame kwa vifuniko vya chupa: kila mmoja anapiga hesabu ya hatua tatu mbele. Mtunza maktaba anayeanza na ubao huo wa dame mezani hatashindwa kuufungua mchezo huohuo kwenye tabuleti kesho yake.

Bila kununua mega

Wengi watasema: umeme unakatika kila siku, na mega ni ghali. Ni kweli. Ndiyo maana kuna njia ya kutumia wavuti bila intaneti. Programu ya Kiwix, ambayo ni ya bure, inahifadhi Wikipedia nzima ya Kifaransa, yenye makala zaidi ya milioni 2, ndani ya kadi ndogo ya memori. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaingia pia. Kadi hiyo ikiwekwa katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo inaweza kutumia betri ya sola, telefone zilizo karibu zinasoma kwa Wi-Fi bila kulipa hata franka moja.

Kazi ya mtunza maktaba hapo ni kuunganisha habari hiyo na maisha ya hapa. Chukua mfano wa FishBase, orodha ya bure ya samaki wa dunia, ambayo hutafutwa kwenye intaneti. Mtoto wa mvuvi wa Kalundu akiona jina Lates stappersii, hatajua ni kitu gani. Mtunza maktaba aliyejifunza kutafuta atamwambia: huyo ndiye mukeke, yule ambaye baba yako analeta asubuhi. Kuanzia hapo mtoto anajua kwamba ziwa lake limeandikwa, na kwamba mji wake una Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, CRH, ambacho kazi yake ni kulichunguza.

Kinachobaki

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi na kuua makumi ya watu. Karatasi zilizokuwa ndani ya nyumba hizo zilikwenda na maji. Tangu mwanzo wa 2025, vita vimewavusha tena makumi ya maelfu ya Wakongo kwenda Burundi. Rafu ya vitabu haivuki mpaka, na mashini inaweza kuibiwa.

Kwa hiyo shule, parokia na vyuo vya Uvira vinavyotafuta msaada wa kompyuta vingefanya vizuri kuomba kwanza wiki chache za mafunzo kwa wale wanaoshika funguo. Mtunza maktaba aliyejifunza, hata akikimbia bila mzigo, anaweza kufungua biblioteke tena mahali popote atakapopata telefone moja na watoto watano.