Kampavani na baridi ya Uingereza: Jinsi ya kuzuia umande wa ndani kwa gharama ndogo

Asubuhi ya Januari mjini Bristol, kusini magharibi mwa England, magari yaliyoegeshwa kando ya barabara hujitambulisha kwa vioo vyake. Yale ambayo vioo vyake vimejaa matone kwa ndani ndiyo yaliyolaliwa na watu. Bristol ni miongoni mwa miji ya Uingereza inayojulikana kwa wingi wa wakazi wanaoishi ndani ya magari, na wengi wao wamesukumwa huko na kodi za nyumba wasizozimudu.

Kwa watu hao kampavani, yaani gari la mizigo lililogeuzwa chumba cha kulala na jiko, si chombo cha matembezi bali ni makazi. Makazi hayo ya chuma yana maadui wawili wanaosaidiana: baridi na maji.

Maji hutoka wapi?

Wengi hudhani kwamba gari linavuja, kumbe mara nyingi maji hutoka kwa wenyewe waliolala ndani. Watu wawili hutoa takriban nusu lita ya maji kwa usiku mmoja, kupitia pumzi na jasho. Upishi nao huongeza, kwani kila kilo moja ya gesi ya propani inapoungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Hewa ya nyuzi joto 20 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 12 au chini yake, na usiku wa baridi bodi la gari huwa chini sana ya kiwango hicho. Aliyewahi kulala chini ya bati lisilo na dari huko Njombe, Limuru au Kabale analijua jambo hili: alfajiri matone humdondokea ilhali mvua haikunyesha.

Maji hayo yakiachwa, chuma hushika kutu, godoro huota ukungu, na wenye pumu hutaabika.

Kuhami bila kutumia fedha nyingi

Chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko povu gumu la polistairini. Ndiyo maana vibao vya povu hilo vyenye unene wa milimita 25 tu huleta tofauti kubwa. Vipande vilivyobaki kwenye kazi za ujenzi hupatikana kwa bei ya chini.

Kwanza, gari likaushwe, na sehemu zinazovuja au zenye kutu zitengenezwe. Kisha vibao vigandishwe kwa gundi moja kwa moja kwenye bodi, pasiwe na uwazi nyuma yake, na maungio yazibwe kwa mkanda wa foili ili mvuke usipenye. Mbavu za chuma zisisahauliwe, kwa kuwa zikiachwa wazi joto hupotelea hapo na matone hujikusanya hapo. Zifunikwe kwa sponji nyembamba isiyonyonya maji.

Kuna tahadhari mbili. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe, na nyaya za umeme zenye ganda la plastiki zisigusane na polistairini, kwa sababu ganda hilo huharibika polepole. Zipitishwe ndani ya mabomba.

Hatua iliyo rahisi kuliko zote ni kukata vipande vya foili yenye viputo vya hewa kwa kipimo cha vioo na kuvipachika kila usiku. Hata hivyo, foili hiyo ikibandikwa kwenye bati pekee haifai sana, kwani hurudisha joto pale tu inapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake.

Kosa linaloua

Kuhami hupunguza baridi lakini hakuondoi mvuke. Mvuke sharti utolewe nje kupitia matundu mawili, moja chini na jingine juu, yanayobaki wazi hata usiku. Sufuria ifunikwe wakati wa kupika, na nguo mbichi zisianikwe ndani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Baridi inapozidi, huziba matundu na kuwasha jiko la gesi ili wapate joto. Moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu usingizini. Ni gesi ileile inayoua familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo king'ora cha kugundua gesi hiyo kinunuliwe kabla ya kibao cha kwanza cha povu, na jiko lizimwe kabla ya kulala. Baridi inayoingia kupitia tundu dogo la hewa hutibiwa kwa blanketi la pili. Hewa iliyokosekana haina tiba.