Afande wa mlangoni, mkono wako unaishia wapi?

Nyie mnaopenda kujirusha wikiendi, hebu tuulizane. Mlinzi wa mlangoni anaruhusiwa kukugusa mpaka wapi?

Nauliza kwa sababu ya kisa cha hapa kwetu Nyantakara. Tulikuwa kwenye foleni ya kuingia ukumbini, muziki umeshakolea. Mbele yangu alikuwa dada mmoja. Mlinzi, jamaa wa miraba minne, akamwambia anyooshe mikono, akaanza kumpapasa. Eti anatafuta kisu! Kisu gani kinafichwa ndani ya blauzi ya kubana vile? Dada akausukuma ule mkono, akala kibao. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sifichi.

Kesho yake nafsi ikanisuta, nikaenda kusoma sheria. Kumbe yule bwana hana ubavu wowote! Sare na buti visikutishe. Hata sungusungu wamemzidi, maana wao walitambuliwa kwa sheria ya mwaka 1989. Yeye ni raia kama wewe na mimi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele yake makosa yaliyotajwa humo. Mwenye mali, au aliyewekwa naye, anaweza pia kumkamata anayemkuta akiiharibu. Basi. Nguvu yenyewe ni ile ya kukuzuia usitoroke tu, kisha akufikishe polisi bila kuchelewa. Mambo ya kufungiana stoo na kurushana kichura hayamo. Na kibao ni shambulio, apige nani.

Kupekua je? Mwenye ukumbi anaweza kusema asiyepekuliwa haingii. Sawa, ukikataa unageuza zako nyumbani. Lakini hata polisi, sheria hiyohiyo inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa heshima. Sasa huyu wa mlangoni kapata wapi ruhusa ambayo afande wa kweli hana? Najua walevi wanawatukana sana walinzi, kazi yao ngumu. Lakini kumweka dada mmoja pale mlangoni ni gharama gani?

Juzi nikakutana na yule dada sokoni. Nikamsimamisha, nikamwambia anaweza kwenda kituoni kufungua kesi, shahidi nipo. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kaka, si wewe uliyekuwa unacheka?"