Maji ya ziwa: ni uamuzi wa mama au ni hali ya mji?

Kipindupindu kinapotokea Uvira, tunasikia neno lile lile, hata makanisani: «Watu hawataki kubadilika. Wanaambiwa wasinywe maji ya ziwa, wao wanakunywa tu.» Tujiulize: mama anayeshuka Tanganyika asubuhi na bidoni yake, amechagua au amesukumwa?

Wataalamu wa antropolojia, yaani elimu ya watu na desturi zao, wamejadili swali hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1966 Fredrik Barth wa Norway alieleza kwamba mpango wa jamii hutokana na maamuzi madogo ya watu wengi, kila mmoja akipima faida na hasara pale alipo. Mama naye anapima: kuchemsha kunataka makala, na makala yanataka pesa. Mwaka 1972 Mfaransa Pierre Bourdieu, aliyefanya utafiti Algeria, alionyesha upande mwingine: hali tunamokulia hutuingia mwilini, ikawa mazoea yanayotuongoza kabla hatujafikiri.

Uvira inatufundisha jambo hilo kwa machozi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulilinganisha kumbukumbu za maji ya bomba na za wagonjwa, tangu 2009 hadi 2014. Baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Je, akina mama walisahau mafundisho ya usafi siku hiyo? Hapana. Bomba ndilo lililokauka.

Lakini tusiseme kwamba mtu hana la kufanya. Anayetia klorini katika bidoni yake anamlinda mtoto wake. Na majirani wanaokubaliana kuchanga na kulitunza bomba lao wanabadilisha hali ambamo watoto wao watakulia. Hali hutengeneza maamuzi, na maamuzi nayo hutengeneza hali.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa waamini waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakaripia wajane. Waliuangalia utaratibu wenyewe, na kanisa likachagua watu saba wa kuusimamia. Nasi tukifundisha usafi siku ya Jumapili, tuulize pia siku ya Jumatatu: katika mtaa wetu, maji safi yako wapi, na nani anayasimamia?